Taa za Nyuma Zikileta Ujeuri: Namna ya Kuzitafutia Ugonjwa Mwenyewe

Mtu akileta gari akaniambia "fundi, taa za nyuma haziwaki," huwa sishiki bisibisi kwanza. Namuuliza: taa ipi? Upande gani? Ulikuwa umekanyaga breki au umewasha taa ndogo? Wengi hawana jibu, kwa sababu dereva ndiye mtu wa mwisho kuziona taa zake za nyuma. Kaambiwa na trafiki, au na bodaboda aliyemgongea dirisha kwenye foleni. Na mara nyingi anakuja ameshaulizia kwenye maduka ya vipuri Gerezani bei ya taa nzima, kushoto na kulia.

Hapo ndipo namzuia. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tabata, Dar es Salaam, na kazi nyingi za taa za nyuma ninazoletewa zinaishia kwenye holda (kikalio cha globu) iliyoshika kutu, boliti ya athi (pale waya wa kurudishia umeme unapofungwa kwenye bati la gari) isiyoshika, au waya uliokatika mahali jicho halifiki. Hivyo ni vitu vya kusafisha na kuunga. Taa nzima inunuliwe ikiwa imepasuka au imeyeyuka, basi.

Zitazame kabla hujafungua kitu

Giza likianza kuingia, rudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta. Washa taa ndogo. Kupitia vioo vya pembeni utaona wekundu pande mbili za ukuta. Kanyaga breki. Wekundu unatakiwa uongezeke mara moja, pande zote sawasawa, na ile taa ya tatu ya juu iwake pia. Kisha indiketa ya kushoto, ya kulia, hazadi, na mwisho rivasi huku mguu ukiwa kwenye breki. Kama unataka kwenda nyuma ukazione kwa karibu na huna wa kukukanyagia, chukua mpini wa fagio, uweke kati ya pedali ya breki na kiti, halafu sogeza kiti mbele mpaka mpini ukaze.

Usiridhike kujua tu kwamba "haiwaki". Jinsi taa zilivyokufa ndiyo inayokuonyesha pa kwenda.

Ikiwa taa moja imekufa na nyingine za upande uleule zinawaka vizuri, anza na globu yake na holda yake. Ikiwa upande mzima umefifia, au unakanyaga breki halafu indiketa nayo inawaka hafifu, nenda kwenye athi ya upande huo. Breki zote tatu hazipo: fyuzi au swichi ya pedali. Breki mbili za chini hazipo lakini ya juu inawaka: fyuzi na swichi ni nzima, usizisumbue. Hapo mara nyingi globu zote mbili zimeungua. Moja iliungua miezi iliyopita na hakuna aliyeona, sasa imefuata ya pili. Taa ndogo za nyuma zimetoweka pamoja na ya namba: tafuta fyuzi iliyoandikwa TAIL. Indiketa inakimbia, tiki-tiki-tiki za haraka kuliko kawaida: globu moja ya upande huo imekufa, ya mbele au ya nyuma.

Kuna kituko kimoja kinachowatisha watu. Gari limezimwa, taa zote zimezimwa, ukikanyaga breki taa za dashibodi zinawaka. Fungua globu zenye nyuzi mbili za kuwaka ndani yake, mmoja wa breki na mmoja wa taa ndogo. Uzi wa breki umekatika ukaangukia uzi wa taa ndogo, au kuna mtu kaweka globu ya uzi mmoja kwenye holda ya nyuzi mbili, na umeme wa breki unarudi nyuma kupitia njia ya taa ndogo mpaka kwenye dashibodi.

Globu na holda

Zima kila kitu. Kama taa ilikuwa inawaka, subiri ipoe, maana globu ya wati 21 inaunguza vidole. Kwenye magari mengi unafungua kifuniko kidogo ndani ya buti, unazungusha holda robo mzunguko kwenda kushoto, inatoka na globu yake.

Itazame kwenye mwanga. Kioo kilichoingia weusi au rangi ya moshi wa fedha, tupa. Uzi uliokatika, tupa. Usiiamini kwa macho tu, kwa sababu uzi unaweza kukatika karibu na shina usionekane. Ipeleke moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya mbili fupi. Ikiwaka nyuzi zote mbili, globu haina kosa.

Unaponunua nyingine, nenda na ya zamani mkononi. Ile ya shina la chuma yenye nyuzi mbili huandikwa P21/5W: wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo. Itazame ubavuni, ina vipini viwili na kimoja kiko juu kuliko kingine. Vimewekwa hivyo makusudi ili isiingie kinyume. Wapo wanaoilazimisha ikaingia, na matokeo yake taa ndogo zinakuwa kali sana na breki inakuwa hafifu, yaani anayekufuata haoni tofauti ukishika breki. Ya uzi mmoja ni P21W, vipini vyake viko sawa. Magari mengi yanayotoka Japani yanatumia globu zisizo na chuma, za kuchomeka tu shina la kioo, na hapo makosa ni rahisi zaidi kwa sababu ya uzi mmoja inaingia bila ubishi kwenye holda ya nyuzi mbili. Hesabu nyaya zinazochungulia chini ya kioo: nne ni ya nyuzi mbili.

Kama globu ni nzima, tazama ndani ya holda. Ukiona unga wa kijani au mweupe, hiyo ni kutu. Kwa gari linalovuka maji Jangwani kila masika, au linalolala karibu na bahari Kigamboni, hicho ni kitu cha kawaida. Kunja msasa laini kwenye ncha ya bisibisi ndogo, usugue mpaka shaba ing'ae, kisha inua kidogo vile visahani vya kugusa globu ili viikaze. Holda ikiwa imeyeyuka au plastiki imekuwa kahawia na kuvunjika kama biskuti, usiitibu. Nunua yuzidi (iliyotolewa kwenye gari jingine), na umwambie muuzaji asiikate shingoni. Akuachie waya wa kutosha wa kuungia.

Athi

Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotelea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Umeme unatoka kwenye chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi na swichi, unafika kwenye globu, na lazima urudi kwenye hasi ya betri. Kurudi haupiti kwenye waya mrefu. Unapita kwenye bati la gari lenyewe. Kila taa ya nyuma ina waya mfupi uliofungwa kwa boliti kwenye bodi, ndani ya buti, nyuma ya kava la plastiki au zulia. Kwenye Toyota nyingi waya huo ni mweupe wenye mstari mweusi. Boliti ile ikilegea au kushika kutu, umeme unakosa njia ya kurudi, nao haukubali kusimama. Unaingia kwenye uzi wa pili wa globu, unapita kwenye waya wa taa ndogo, unakwenda kurudi kupitia taa ya upande wa pili. Ndiyo maana unakanyaga breki na taa ndogo inafifia badala ya kuongezeka, au indiketa inawaka na breki inapepesa nayo.

Kuna dada mmoja aliniletea gari lenye dalili hizohizo upande wa kulia. Alikuwa ameshabadilisha taa zote mbili za nyuma, mpya, na globu mpya ndani yake, na bado akikanyaga breki indiketa ya kulia inapepesa.

"Fundi, hili gari limelogwa," akaniambia.

"Liliwahi kugongwa nyuma?"

"Liligongwa kidogo tu, likanyooshwa, wakapaka na rangi. Kwani inahusu?"

Nikafungua kava la buti upande wa kulia. Rangi ilikuwa imepulizwa vizuri kweli, mpaka ndani, mpaka pale boliti ya athi inapokaa, na aliyerudisha waya akaukaza juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Umeme kidogo ulikuwa unapenya kwenye meno ya boliti, unatosha wati 5, hautoshi 21. Nikafungua boliti, nikasugua bati kwa msasa mpaka likang'aa eneo la ukubwa wa kichwa cha boliti na zaidi kidogo, nikasugua na kile kisahani cha waya pande zote mbili, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, nikapaka grisi juu ili hewa na maji visifike. Kazi imeisha. Zile taa za zamani alizoziacha kwa aliyembadilishia hazikuwa na ugonjwa wowote.

Kuipima athi hakuhitaji mashine. Chukua waya mrefu kiasi cha mkono, menya ncha zote mbili. Breki ikiwa imekanyagwa, ncha moja igusishe kwenye pini ya athi ya holda, nyingine kwenye chuma kisicho na rangi, kwa mfano boliti ya kitasa cha buti. Taa ikiruka na kuwa kali, athi ndiyo mgonjwa. Ukiwa na mita, iweke kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye bati safi, mwekundu kwenye pini hiyohiyo ya athi, globu ikiwa inawaka. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea hapo.

Nasisitiza *globu ikiwa inawaka*. Mita inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo waya uliobakiwa na unyuzi mmoja wa shaba bado utakuonyesha volti 12 nzuri kabisa ukiwa umechomoa globu. Ukirudisha globu, volti zinaanguka. Ndiyo maana mimi kwenye taa naanza na globu ya wati 21 niliyoilehemu nyaya mbili ndefu zenye vibanio. Ikiwaka sawasawa pale kwenye holda, umeme upo wa kweli, na mita inafuata baadaye nikitaka namba.

Waya za mlango wa nyuma

Kama gari lako lina mlango wa nyuma wa kuinua, na baadhi ya taa zimekaa kwenye huo mlango, tafuta ule mpira wenye mikunjo unaotoka kwenye bodi kwenda mlangoni, juu karibu na bawaba. Nyaya zote za mlango zinapita humo: taa ya namba, breki ya juu, waipa, kitasa, na kwenye baadhi ya magari hata taa za rivasi. Kila ukifungua na kufunga, nyaya zinajikunja palepale. Miaka ikipita plastiki inapasuka, kisha shaba inakatika moja moja.

Dalili yake ni kwamba taa inakuja na kuondoka kulingana na mlango. Mwambie mtu akanyage breki, wewe pandisha na kushusha mlango taratibu huku unatazama. Taa ikipepesa, umeshafika. Chomoa mpira kwa vidole upande wa bodi, uusukume nyuma, utaona nyaya zenyewe. Vuta kila mmoja polepole, ule unaovutika kama mpira, huo umekatika ndani hata kama plastiki yake ni nzima.

Kuunga hapo kuna ufundi wake. Usiunge kwenye mkunjo, kwa sababu lehemu inaufanya waya uwe mgumu na utakatika tena pembeni ya kiungo. Kata kipande kibovu chote, weka kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, na viungo viwili viangukie kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya bodi, nje ya mpira. Viungo vya nyaya tofauti visilingane mahali, la sivyo unapata fundo nene lisilopita. Vika kila kiungo mpira mwembamba unaonywea kwa joto. Utepe mweusi peke yake kwa joto la Dar unalegea na kuachia gundi.

Fyuzi inayoungua kila ukibadilisha

Sanduku la fyuzi za taa kwa kawaida liko chini ya dashibodi upande wa dereva, na kifuniko chake kina ramani. Tafuta STOP kwa breki na TAIL kwa taa ndogo. Rangi zina maana: nyekundu ni amperi 10, buluu 15, njano 20. Rudisha rangi ileile uliyoitoa.

Globu mbili za breki zinakula kama amperi 3 na nusu tu. Fyuzi ya 10 ina nafasi kubwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo ikiungua mara mbili, kuna waya unaogusa bati mahali fulani. Anayekuwekea ya 30, au karatasi ya pakiti ya sigara, au unyuzi wa shaba, amekuhamishia ule moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya zilizopita chini ya zulia lako, na nimeshafungua mazulia ya namna hiyo. Nyaya zinakuwa zimeshikana kuwa kitu kimoja cheusi.

Badala ya kuchoma fyuzi, fanya hivi. Toa globu zote za nyuma za njia hiyo, pamoja na ya juu. Pale penye fyuzi, weka ile globu yako ya kupimia ya wati 21, waya mmoja kila upande. Washa taa, au kanyagisha breki. Globu ikiwaka kwa nguvu zote, waya bado unagusa bati. Sasa anza kutembea na nyaya: tikisa, inua, chomoa soketi moja baada ya nyingine, kuanzia nyuma. Mahali utakapogusa na globu ikazima, ndipo penyewe. Pa kuanzia ni bawaba za mlango, skrubu zilizowekwa na mfunga redio au spika, na waya wa taa za tela kama gari linao.

Swichi ya pedali

Lala chali upande wa dereva, tazama juu ya mkono wa pedali ya breki. Kuna swichi ndogo yenye kijiti kinachosukumwa na pedali. Breki zote zimekufa na fyuzi ni nzima? Chomoa soketi yake. Kama ina nyaya mbili tu, ziunganishe kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi imekufa, nunua nyingine. Zenye nyaya nne, usibahatishe, tafuta kwanza kwa globu ya kupimia ni ipi yenye umeme muda wote, ndiyo ya kuanzia.

Kinyume chake pia kipo: breki zinawaka muda wote, asubuhi betri haina kitu. Kabla ya kununua swichi, tazama kwenye kapeti la dereva kama kuna vipande vya plastiki vilivyovunjika. Kwenye mkono wa pedali kuna kifungo kidogo cha plastiki au mpira ambacho ndicho kinachokigusa kijiti cha swichi. Kikizeeka kinamomonyoka, kijiti kinaingia kwenye tundu lililobaki, na swichi inadhani umekanyaga breki siku nzima. Kifungo kipya ni bei ndogo; kwa kufika nyumbani hata boliti fupi na nati inaziba lile tundu. Na kwa wenye gia otomatiki: kama gia inakataa kutoka kwenye P na breki nazo haziwaki, ugonjwa ni mmoja, fyuzi ya STOP au swichi hii. Usianze kufungua gia.

Taa ya rivasi ikikosekana peke yake na globu ni nzima, swichi yake iko kwenye gia boksi, na hiyo ni kazi ya kuingia chini ya gari.

Kuhusu LED za kuchomeka badala ya globu, sizipendi kwa taa za nyuma, hasa za bei ya chee. Zinakula umeme kidogo hivyo indiketa inakimbia kama vile globu imekufa, na nyingine tofauti kati ya taa ndogo na breki haionekani. Ukizitaka lazima, chukua nyekundu nyuma ya kioo chekundu. Nyeupe inatoa rangi ya waridi iliyopauka. Na kama taa yako ni ya LED tangu kiwandani, haina globu ya kutoa, hapo ukishahakikisha umeme na athi vinafika kwenye soketi, ndipo taa nzima inunuliwe.

Kabla ya kurudisha kava za buti, washa injini, washa taa ndogo, hazadi na breki kwa wakati mmoja, kisha funga na kufungua mlango wa nyuma kwa nguvu kidogo huku mtu akitazama. Ugonjwa wa athi unapenda kujificha taa ikiwaka moja moja, na unajitokeza zikiwaka zote. Zikitulia, mwagia maji ya ndoo juu ya taa, fungua buti uone kama yanaingia nyuma ya mpira wa taa, ndipo uanze kubana klipu za kava.